Chetambe ilikuwa makao ya watu kabla ya kuwa uwanja wa vita

Mhariri,

Niliisoma mara mbili makala yenu ya juma lililopita kuhusu mlima wa Chetambe, hapa kwetu Webuye, na mara zote mbili nilikwama mahali pamoja: pale mwandishi aliposema kwamba ngome ile ilijengwa ili kuwazuia Waingereza. Naomba nafasi ya kusahihisha.

Handaki la Chetambe lilichimbwa kwa ajili ya majirani, si kwa ajili ya wageni kutoka ng'ambo. Katika karne ya 19 Wabukusu na Watachoni waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki kwa nje, ambavyo Wabukusu huviita chingoba, kimoja kikiwa lukoba, kwa sababu mashambulizi ya Wamaasai wa Uasin Gishu na vita na Wateso havikuwapa usingizi. Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Uskoti, alipopita pande hizi mwaka 1883 alivikuta vijiji vya namna hiyo vikikaliwa na watu, miaka 12 kabla ya vita vya 1895 kati ya Wabukusu na Waingereza ambavyo makala inavisimulia.

Ujenzi wake ulikuwa wa akili sana. Udongo uliofukuliwa handakini ndio uliopandishwa kuwa ukuta, hivyo kazi moja ilizaa vizuizi viwili, na adui aliyeruka ndani ya shimo alijikuta chini ya mtetezi aliyesimama juu yake. Lango lilikuwa jembamba, na usiku lilizibwa kwa magogo. Ndani ya mzunguko huo walilala watu pamoja na mifugo yao. Kwa hiyo tunapoiita ngome tukumbuke kwamba humo watoto walizaliwa na ugali wa wimbi ulisongwa, jambo ambalo hotuba za majukwaani hazina muda nalo.

Vita vya 1895 sivipuuzi. Chanzo chake kilikuwa bunduki zilizofika mikononi mwa Wabukusu, ambazo utawala wa Waingereza uliokuwa na kituo chake Mumias ulizidai, na askari waliotumwa kuzichukua wakauawa. Charles Hobley, ofisa wa utawala huo, akaja na jeshi, likaivunja kwanza ngome ya Lumboka, kisha likawafuata walionusurika hadi Chetambe, ambako watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Ukuta uliotengenezwa kukinga mkuki na mshale haukuweza kukinga risasi. Tena, katika jeshi hilo walikuwamo Wasudani, Waganda na Wawanga, Waluhya wenzetu, ukweli mchungu ambao wasimulizi wetu huuruka kama dimbwi la maji njiani.

Baada ya hapo vijiji vyenye kuta vilihamwa polepole, watu wakatawanyika kwenye mashamba yao, na mvua ikaanza kuzirudisha kuta handakini. Hata hivyo mlima haukusahauliwa: mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa iliyopinga utawala wa kikoloni, aliwapandisha huko wafuasi wake kuwakumbuka waliouawa, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku dini hiyo.

Kuna pia ubishi kati ya Wabukusu na Watachoni kuhusu nani mwenye Chetambe. Mimi siuingilii, kwa kuwa nina wakwe pande zote mbili.

Linalonisumbua ni jingine. Nilipokuwa bado nafundisha, niliwapeleka wanafunzi mlimani, na mvulana mmoja, baada ya kutazama huku na huku kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo ngome iko wapi?" Alikuwa amesimama katikati ya handaki lenyewe, nyasi zikimfika kiunoni, na hatua chache kutoka kwake ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa kamba wakila. Simlaumu mtoto, wala mwenye ng'ombe, kwa maana hapakuwa na alama yoyote ya kuwaambia kwamba pale si bonde la kawaida.

Tunayo Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, ya kulinda mahali pa kihistoria kama hapa. Kabla ya kuzungumza tena juu ya sanamu na sherehe, naomba wahusika walipime handaki lote, waweke mawe ya mpaka wakishirikiana na wazee wa jamii zote mbili na wenye mashamba ya jirani, na kazi hiyo ifanyike wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi na mistari ya udongo bado ikionekana.

Mwalimu mstaafu,
Webuye, Bungoma