Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waashi, Lamu

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Kikao kilichojaza watu mwaka huu ni kile cha barazani, usiku mwenzetu aliyerudi kutoka Ghuba alipotueleza jinsi Burj Khalifa ilivyojengwa Dubai. Mliomba niyaandike, nami nayaandika kwa moyo wote kwa kuwa yanatuhusu.

Mnara ule una mita 828, ulifunguliwa Januari 2010. Wengi wenu mliuliza habari za upepo, na ni kweli ulifikiriwa sana: jengo lina mabawa matatu yanayopungua kadiri unavyopanda, ili upepo usipate mdundo mmoja wa kulitikisa. Ila kilichonikaa mimi ni zege. Joto la kiangazi kule hupita digrii 40, na zege kwenye jua hilo hukaza kabla ya kufika linakopelekwa, kisha hupasuka. Basi kiangazi walimwaga usiku, na sehemu ya maji ya kuchanganyia ikawa barafu. Pampu zililipandisha hadi zaidi ya mita 600.

Adui wa pili ni chumvi, na huyu tunamjua. Maji ya ardhini pale yana chumvi kushinda bahari. Nguzo 192, zilizozama zaidi ya mita 50, zilipewa zege lililoshikana lisilopitisha maji, na chini ya msingi ukawekwa mfumo wa umeme mdogo kuzuia kutu.

Ramadhani iliyopita niliitwa mtaa wa Langoni kutazama dari ya nyumba isiyotimiza miaka 10. Niligusa kwa kidole, kipande kikaanguka. Nondo ilikuwa imefura, inabanduka magamba kama samaki changu. Mchanga ulizolewa ufuoni, haukuoshwa. Wazee wetu walijenga kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chumvi haikukuta chuma cha kula. Chuma tumekileta sisi, ulinzi wake ni juu yetu.

Ada zimelipwa vizuri, hesabu ziko kwa karani.

Kaskazi hii, msimu wa joto, zege limwagwe alfajiri au baada ya alasiri, lifunikwe magunia na kumwagiwa maji siku 7. Mchanga wa ufuoni tusiupokee, hata punda walioubeba wakiwa wameshafika mlangoni. Chama kimenunua mapipa na magunia. Anayeyahitaji amwambie mweka hazina siku moja kabla.