Kabla ya kununua nguo nyingine ya kazini, tafuteni futi

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mavazi ya ofisini niliisoma nikiwa kwenye cherehani, na wateja wawili wakaimalizia wakisubiri zamu yao. Mmetaja koti jeusi, blauzi nyeupe, sketi ya penseli, suruali ya kitambaa na viatu vya kisigino cha kadiri. Orodha yenyewe sina ugomvi nayo. Ila wanawake wanaokuja kwangu wanavyo vyote hivyo, vingine mara tatu, na bado wiki nzima utawaona na gauni lilelile.

Mimi ni fundi wa kupunguza nguo hapa Ilala, si mbali na soko la Karume. Nguo za harusi na sare za kwaya nawaachia wenzangu. Kazi yangu ni nguo ambayo imeshashonwa na mtu mwingine: nabana kiuno, naachia mapaja, nakata pindo, nabadilisha zipu. Mtu anatoka sokoni na koti lake la mtumba, ananipitia kabla hajapanda daladala. Wengine wanatoka maofisini mjini na mfuko, wananiachia asubuhi, jioni wanachukua. Kwa hiyo nguo za kazini za watu wa jiji hili nazijua zaidi kwa ndani, kwenye mishono.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, mhasibu, na shangazi kaja limejaa hadi zipu haifungi. Akaniambia, "Fundi, zibane zote, nimepungua." Nikamwambia dada yangu, sibani nguo ambayo sijaiona mwilini. Nina pazia la khanga pale pembeni na kioo kirefu, akawa anaingia na kutoka, na mimi nimekaa kwenye kigoda na chaki mkononi.

Sketi nyeusi peke yake zilikuwa sita. Ukizitandika kwenye mkeka huoni tofauti. Alipozivaa, tatu kati ya hizo zilipanda juu kila alipopiga hatua, naye akawa anazivuta chini bila hata kujua kwamba anazivuta. Hapo watu husema sketi ni fupi. Hapana. Sketi inapanda kwa sababu imembana kwenye hipsi, inatafuta mahali pembamba pa kukaa, na mahali pembamba ni kiunoni. Ukitazama utaona mistari ya mikunjo imelala kutoka nyonga hii hadi nyonga hii. Mkunjo uliolala unaniambia hapo panabana. Kitambaa kikining'inia kwa mikunjo ya kusimama, hapo pamezidi. Nikiona mkunjo wa mshazari naufuata mpaka unakoanzia, mara nyingi ni kwapani, kifuani au kwenye mapaja. Mama wa watu alikuwa amekuja kubana nguo ambazo zilikuwa zinaomba kuachiwa.

Nikageuza ya kwanza ndani nje. Mshono wa ubavuni ulikuwa na akiba ya kitambaa ya karibu inchi moja kila upande, imekunjwa vizuri. Hiyo ikaenda kwenye rundo la kurekebishwa. Ya pili na ya tatu zilikuwa zimekatwa, na ovaloki, ile mashine ya kufunga ukingo wa kitambaa usifumuke, ikapita palepale karibu na mshono, hakuna hata nusu inchi ya kuachia. Nikamwambia hizi wape wadogo zako. Akanitazama kama nimemtukana, moja aliinunua dukani kwa hela nyingi. Lakini hela ilishatoka. Sketi kuendelea kuning'inia kabatini hairudishi hata shilingi.

Tulipomaliza alikuwa na nguo kumi na moja za kuvaa kesho asubuhi, saba za kubaki kwangu, na shangazi kaja bado lina uzito. Humo ndani mlikuwa na suruali mbili za kabla hajajifungua mtoto wa kwanza, na huyo mtoto sasa yuko darasa la nne. Nguo za mwili wa zamani ndizo watu wanashindwa kabisa kuachana nazo. Mwili unabadilika kwa uzazi, kwa umri, kwa dawa, kwa msongo, na hakuna anayepaswa kuulizwa kwa hilo. Ila mwenye mwili wa leo anakwenda kazini leo, na ile suruali kila asubuhi inamsimanga.

Sasa kuhusu namna ya kujua kama nguo imekukaa, kwa sababu makala yenu ilisema tu "hakikisha inakukaa vizuri" ikapita. Wengi wanajipima wamesimama wima mbele ya kioo, tumbo limevutwa ndani, pumzi imezuiwa. Nani anafanya kazi hivyo? Mimi namwambia mteja akae kwenye kigoda. Suruali ikishuka nyuma, au kifungo kikianza kuvutana, jibu limepatikana. Kisha anyanyue mkono kama ameshika bomba kwenye mwendokasi. Blauzi ikichomoka kwenye sketi na tumbo likaonekana, ni fupi, au tundu la kwapa limekatwa chini mno. Koti likinyanyuka zima pamoja na mkono, ni hilohilo la kwapa. Kisha ainame aokote chaki. Mwisho nasimama ubavuni naangalia vifungo vya kifuani. Kama kati ya kifungo na kifungo pana mwanya unaoonyesha sidiria, usikimbilie kununua shati pana kama hema. Presi ndogo ya ndani, ile ya kubonyeza, inamaliza shida ukiishonea katikati ya vifungo viwili. Kwangu ni shilingi elfu moja na unasubiri.

Na nguo kukukaa si kukubana. Naona vijana wa kiume siku hizi wananiletea suruali nimkazie mpaka kwenye kifundo, halafu baada ya wiki anarudi imepasuka katikati. Kwa watumishi wa serikali waraka wa mavazi unakataza nguo za kubana na fupi, wanaulalamikia, lakini mimi kama fundi nasema kwa joto la Dar es Salaam nguo isiyopitisha hewa ni adhabu hata bila waraka.

Kununua nako kuna mahali pa kuangalia. Koti angalia mabega tu. Mshono wa bega ukomee pale mfupa wa bega unapokomea. Kiuno cha koti nakibana, mikono naikata, bitana nabadilisha. Bega likizidi inabidi ning'oe mikono yote miwili, wakati mwingine na kola, na malipo yake yatakuuma kuliko bei ya koti lenyewe pale Karume. Suruali na sketi nunua kwa sehemu yako iliyo pana zaidi. Dada zetu wengi hipsi zinajaa, kiuno kinabaki wazi nyuma mpaka mkono unaingia. Chukua hiyohiyo, kiuno nitakibana mshono wa katikati nyuma. Ukinunua kwa kiuno, mapaja yatakushinda na mimi yatanishinda. Suruali za kiume zilizoshonwa vizuri huachwa akiba pale nyuma katikati kwa makusudi, ndiyo maana baba akinenepa kidogo suruali inaweza kufuata. Kabla hujalipa, geuza, angalia.

Namba iliyoandikwa kwenye lebo isikupe presha. Gauni moja Uingereza wataliandika 12, Marekani 8, Ufaransa 40, Italia 44. Robota moja la mitumba linabeba nchi zote hizo kwa pamoja. Zilizoshonwa China nyingine zina maandishi kama 170/88A, hapo wamekutajia urefu wa mtu na mzunguko wa kifua kwa sentimita, na angalau hiyo ni namba inayosema kitu. Kuna wateja wangu wanakataa kabisa kujaribu nguo kwa sababu imeandikwa XL. Nimewahi kumkatia mmoja lebo kwa mkasi mbele yake, akaivaa, akaipenda, akaondoka nayo.

Kitambaa nacho. Muuza vitambaa Kariakoo atakuapia ni pamba tupu. Omba uzi mmoja wa pembeni, uchome. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kujikunyata, ikipoa unabaki na kidonge kigumu. Sisemi poliesta ni mbaya, haijikunji, suruali ya mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima inaifaa ikichanganywa. Ila blauzi ya poliesta tupu mwezi wa pili, foleni ya Buguruni, hapana jamani. Na pamba au kitenge kiloweke maji usiku mmoja, kikauke, ndipo kipelekwe kwa fundi. Kikisinyaa kwenye ndoo ya kwanza baada ya kushonwa, gauni limekwisha.

Hapa nitagombana kidogo na mafundi wenzangu. Mteja analeta kitambaa cha kutosha, fundi anakata kwa ubahili, mabaki anashonea vitu vyake, na ubavuni anaacha akiba ya unywele. Baada ya miezi sita mteja akinenepa kilo tatu, nguo imekufa. Sare za watoto wa shule tunaachia pindo refu kwa sababu mzazi anasimama pale na kutudai. Mama huyohuyo gauni lake la kazini hadai kitu. Adai inchi moja ubavuni na mbili kwenye pindo. Haionekani kwa nje.

Sasa jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka huu taasisi moja hapa mjini, sitaitaja, iliwashonea wafanyakazi wake sare: blauzi na suruali kwa wanawake, shati na suruali kwa wanaume, rangi moja nzuri tu. Nimeijua sare hiyo kwa sababu kwa majuma kadhaa nilikuwa sifanyi kazi nyingine. Walikuwa wanakuja wamefuatana. Ofisini kwao ilipitishwa orodha kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu aandike S, M, L au XL, basi, mzabuni akaenda kushona. Hakuna aliyepimwa hata bega. Mwanamke mrefu mwembamba na mwanamke mfupi mwenye kifua wote waliandika L, wakapata blauzi mapacha. Mjamzito aliandika XL akapata mabega ya mwanamieleka. Kaka mmoja suruali ilimkaa kiunoni lakini akikaa chini inamkata, akawa anakuja kazini na suruali yake mwenyewe na kuandikiwa barua. Na kitambaa nilikichoma uzi: kidonge.

Kila mmoja wao alinilipa kutoka mfukoni mwake kurekebisha nguo aliyopewa na mwajiri. Shilingi elfu tatu pindo, elfu tano kiuno, wengine elfu kumi na tano jumla yake, na wako waliokuwa na seti tatu. Mimi nimepata riziki na nashukuru, lakini hesabu hiyo ukiizidisha kwa wafanyakazi wa taasisi nzima, unaona kwamba pesa ya kumlipa mtu wa kupima ilikuwapo, imelipwa tu na wasiostahili kuilipa. Na nyingine hazikurekebishika kabisa, ovaloki ilishapita karibu na mshono. Zimekunjwa kabatini, mwenyewe hawezi kuzigawa kwa sababu zina nembo.

Kupima mtu mzima si kazi ya kutisha. Mabega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, urefu wa mguu kwa ndani. Kwa wanawake ongeza umbali kutoka begani hadi kwenye chuchu, hapo ndipo blauzi nyingi huharibikia. Fundi mmoja na kijana wa kuandika wanamaliza tawi dogo kabla ya chakula cha mchana. Awepo fundi wa kike kwa ajili ya wanawake, wengi hawataki kuzungushiwa futi kifuani na mwanamume, na wana haki. Mzabuni ashone seti moja kwanza ya kila mtu, ivaliwe, mtu akae, ainame, anyanyue mkono, palipo na kasoro pawekwe chaki, ndipo seti zilizobaki zikatwe.

Kwa hiyo ombi langu halimwendei msomaji peke yake, linamwendea ofisa ununuzi anayeandaa zabuni ya sare kwa mwaka ujao. Aandike humo kwamba kila mfanyakazi atapimwa mwilini, kwamba akiba ya mshono ubavuni haitapungua inchi moja, na kwamba marekebisho ya mwezi wa kwanza yatakuwa kwa gharama ya mzabuni. Hicho cha tatu kikiwemo, hivyo viwili vya mwanzo mzabuni atavitekeleza bila kusukumwa.

Fundi wa kupunguza nguo,
Ilala, Dar es Salaam