Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Miaka 50 ya Maktaba Kuu ya Taifa

Ndugu wanachama,

Kabla sijagusa habari ya fedha, naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki ndani ya mwaka 2017. Wote wawili walianza kuazima vitabu wakiwa vijana, na kadi zao za maktaba walizitunza kama wengine wanavyotunza cheti cha ndoa. Mungu awalaze mahali pema.

Asanteni, tuketi.

Mwaka wetu ulikuwa na jambo moja tu. Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Jumamosi. Desemba 9 ya 2017 nayo ikaangukia Jumamosi. Mjumbe aliyeligundua hilo kwenye kalenda alilileta kikaoni uso ukimng'aa, na tangu siku hiyo kamati haikuwa na ajenda nyingine.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa tarehe yenyewe. Desemba 9 ni Siku ya Uhuru, ofisi zimefungwa, na safari hii macho ya nchi yalikuwa Dodoma kwenye sherehe za kitaifa. Baadhi yenu mlitaka tukutane nje ya geti siku hiyohiyo ili tusiipoteze. Mimi nilipinga, na nashukuru kamati ilinielewa. Sikuona maana ya kuisherehekea maktaba ambayo ndani yake hakuna msomaji hata mmoja. Tukakutana Ijumaa ya tarehe 8, alasiri, waliokwenda kuswali wakiwa wamekwisha kurudi. Hatukukodi ukumbi wala kuita bendi. Palikuwa na maji, maandazi, na wazee watatu tuliowaomba watusimulie.

Kwa mimi, simulizi za wale wazee ndizo zilizokuwa sherehe. Mmoja alieleza jinsi vitabu vilivyowafikia bara kabla jengo halijakuwapo, enzi za Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948. Sanduku la vitabu likiletwa, watu walikuwa wakisomeana kwa zamu, na wengine waliazima kwa njia ya posta. Sheria ya kuunda bodi yetu wenyewe ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963, Uhuru ukiwa bado mchanga. Mzee wa pili alikumbusha 1967 ulikuwa mwaka wa namna gani: Februari Azimio la Arusha, Machi Elimu ya Kujitegemea, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huohuo, na Desemba milango ya maktaba ikafunguliwa. Alisema kwao vijana wa wakati ule mambo hayo yote yalikuwa kitu kimoja. Nchi ilikuwa inataka kusoma, na tena kwa lugha yake. Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile, na ndilo lililoongoza matumizi ya fedha nitakayoyaeleza.

Sasa michango ya kuinunulia maktaba vitabu. Tulichapisha kadi za mchango kwa mtindo ule ule wa harusi, na tukawagawia wanachama wakazitembeze. Wapo waliosema tunashusha hadhi ya chama. Nadhani walikosea. Hapa mjini kila mwezi mtu anapokea kadi mbili tatu, za harusi, za kipaimara, za sendofu, naye anachanga bila kunung'unika kwa sababu anamjua mwenye shughuli. Kazi yetu ilikuwa kumfanya aone kuwa maktaba nayo ni shughuli ya kwao. Waliofanikiwa zaidi hawakuanza na kadi. Walianza kwa kuuliza, "Wewe ulisomea wapi mtihani wako wa kidato cha nne?" Mara nyingi mtu alinyamaza kidogo, akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni.

Kina mama wa kamati walifanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wowote. Walikwenda maduka ya jumla ya Mtaa wa Uhuru wakatafuta kanga zenye jina "Elimu haina mwisho", wakanunua kwa fedha zao, wakaziuza doti moja moja, faida yote ikaingia mfuko wa chama. Siku ya tarehe 8 karibu nusu ya ukumbi wa kusomea ilikuwa imevaa jina hilo. Mapato yaliyotokana na kanga yanaonekana peke yake katika hesabu za Mweka Hazina. Nawaomba mpige makofi hapo atakapofika.

Ahadi ndizo zilizotuumiza. Taasisi moja ilituahidi mchango mkubwa mbele ya mashahidi, tukaupigia mahesabu, na mpaka leo haujafika. Mchapaji wa kadi naye alituchelewesha wiki kadhaa tukapoteza mwisho wa mwezi, wakati ambao watu wana mishahara. Kosa ni letu pia kwa kupanga matumizi juu ya ahadi. Kuanzia sasa kamati itapanga kwa fedha iliyoko benki au kwenye simu ya chama tu. Hatukufikia lengo, ingawa tulivuka nusu yake.

Wengi mliniuliza, tena kwa haki: sheria inawataka wachapishaji wapeleke nakala za kila kitabu Maktaba Kuu, sasa sisi tunanunua vitabu vya nini? Naomba hili lieleweke. Nakala zile ni hazina ya taifa. Zinatunzwa ili hata mjukuu wa mjukuu aweze kujua nini kiliandikwa katika nchi hii. Si nakala za kuazimwa na mtoto akaende nazo nyumbani Mbagala, zikaangukiwe na chai. Vya kuazimwa lazima vinunuliwe, na vya watoto huchakaa haraka kwa sababu vinasomwa. Kitabu cha watoto kilichochakaa kimefanya kazi yake na kinadai kingine.

Kwa hiyo fedha yote ya vitabu tuliielekeza sehemu ya watoto, na yote kwa vitabu vya Kiswahili. Tulipata ofa ya maboksi ya vitabu vya msaada kutoka nje, bure. Tulikataa sehemu kubwa, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kukataa. Mlipofungua maboksi ya mfano mliona wenyewe: vitabu vya kiada vya mitaala ya nchi nyingine, vingine vya kompyuta ambazo haziko tena. Vitabu vya namna hiyo hujaza rafu, na mtoto akiingia anaona rafu imejaa lakini hakuna cha kusoma. Afadhali vichache anavyovigombania. Niwakumbushe pia kwamba kitabu hakitoki dukani kikaingia rafuni. Wakutubi hukipiga mhuri, hukiorodhesha, hukiainisha na kukipa namba, ndipo kiazimwe. Tuwe na subira nao, na tusiwapelekee mzigo bila taarifa.

Sasa jambo ambalo limenisumbua mwaka mzima. Katika vikao vyetu limekuwa likirudi lalamiko kwamba vijana wanajaza viti vya maktaba na wala hawasomi vitabu vya maktaba. Wamekuja na madaftari na nukuu zao. Ni kweli, nimewaona. Nimewaona pia asubuhi wakisubiri mlango ufunguliwe. Nilimuuliza binti mmoja kwa nini asisomee nyumbani. Akanijibu kwamba chumba chao kimoja wanalala watu sita, redio haizimwi, na jioni taa ni ya kugombea. Ndugu zangu, binti huyo anatumia maktaba kama inavyopaswa kutumika. Kiti, meza, mwanga na ukimya ni huduma, na kwa wengi wa watoto wa Manzese na Tandale ni huduma wasiyoweza kuipata pengine popote. Tukimwona kama mvamizi, hatujui tunachokichangia.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu pendekezo moja la kupigiwa kura. Mwaka 2018 fedha za vitabu vya watoto zibaki kama zilivyo, lakini kila kitakachozidi kielekezwe kwenye viti, meza na taa, baada ya kukubaliana na uongozi wa maktaba kuhusu wanachokihitaji na mahali pa kukiweka. Najua wapo wanaoona kuwa kiti hakina heshima ya kitabu. Waseme, tuwasikilize, kisha tupige kura.

Wenye kadi za mchango ambazo hazijarudishwa, zikiwa tupu au zimeandikwa, wazikabidhi kwa Katibu leo kabla ya kutoka, kwani kila kadi ina namba na hesabu haifungwi bila hizo. Namkaribisha Mweka Hazina asome mapato na matumizi, aanze na kanga.