Usiitupe ile TV ya chogo, mtani

Chang'ombe, Dodoma
22 Juni 2025

Kwako mtani,

Sikuamkii. Najua umenizidi miezi minne, lakini Mgogo hamwamkii Mhehe mpaka Mhehe avuke Mtera aje na mkono usio mtupu. Mengine yote salama. Baridi yenu mmetuletea, asubuhi watoto wanaota jua ukutani kama mijusi. Mama anakusalimu, anauliza kama huko Iringa mmeacha kula vile vitu mnavyokula. Nimemwambia nitakuuliza.

Nakuandikia kwa sababu ya ile PS2, mashine yetu ya gemu. Ndiyo, ileile tuliyochangiana 2008 baada ya kibarua cha zabibu kule Mpunguzi, ukanidai elfu tano ambayo mpaka leo sijalipa. Wiki iliyopita nilikuwa natoa magunia stoo kwa mama, nikaikuta ndani ya sanduku la bati, imeviringishwa kwenye fulana yako ya UMISSETA. Vumbi la Dodoma halijui sanduku, lilikuwa limeshaingia hadi ndani. Nikapangusa lenzi kwa pamba na spiriti kama yule fundi wa banda la gemu alivyotufundisha, nikaichomeka palepale stoo. Taa ikawaka kijani. Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia.

Nikaibeba nyumbani, nikawaita watoto. Tuna TV bapa ya inchi 43, ile ambayo mkopo wake bado unanikata mshahara. Nyuma ina matundu matatu ya HDMI na vitundu viwili vidogo vya duara. Yale matatu tuliyozoea, njano, nyeupe na nyekundu, hayapo. Bahati nzuri mke wangu hatupi kitu, vile viwaya vya kuunganishia alikuwa amevihifadhi kwenye kopo la maziwa pamoja na vifungo vya mashati. Nikachomeka, nikaweka Winning Eleven, nikawaambia kaeni chini muone mpira wa baba zenu.

Aibu niliyoipata! Adriano, yule Adriano wa Inter aliyekuwa akipiga kutoka katikati ya uwanja kipa anaingia na mpira wavuni, alitokea mfupi, mnene, uso umeyeyuka kama mshumaa. Nyasi zinachemka. Mchezaji akikimbia anaota meno ya kitana ubavuni. Yule mdogo akanitazama kwa huruma, akauliza, "Baba, kwani mlikuwa mnaujuaje mpira ni upi?"

Nikasema mashine imezeeka. Lakini usingizi haukuja vizuri. Nikaanza kusoma, kuuliza, kujaribu, na sasa naweza kukwambia bila kumung'unya kwamba tuliisingizia. Mashine nzima kabisa. Ni sisi tumeiozesha kwa TV isiyoelewana nayo.

TV ya chogo, ile nene ya zamani, haina nukta za kuhesabu. Kule nyuma kwenye kisogo kuna kitu kinachorusha elektroni, zinafagia kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, na pale zinapogonga kioo kinang'aa. Kwa mfumo wetu wa PAL picha moja ina mistari 625, ila haichorwi yote kwa mkupuo. Inachorwa kwanza mistari ya witiri, halafu ya shufwa, nusu picha mara 50 kwa sekunde, na jicho linaziunga lenyewe bila kulipwa. PS2 iliundwa kwa mwendo huo wa nusu kwa nusu. TV bapa haifagii chochote. Nukta zake zimejipanga kama punje kwenye gunzi, 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, na kila moja inasubiri kuambiwa iwake rangi gani. Gemu za PS2 nyingi zimechorwa kwa nukta kama 640 kwa 448, ambazo hata laki tatu hazifiki. Kwa hiyo TV inachukua nusu picha mbili zilizochorwa kwa nyakati mbili, inazishona ziwe moja, kisha inaivuta hiyo moja itoshe eneo mara saba ya lake. Mchezaji aliyekuwa hapa kwenye nusu ya kwanza, kwenye ya pili ameshasogea. Hapo ndipo yanapotoka meno ya kitana.

PS ya kwanza, tuliyochezea Tekken 3 pale bandani, ndiyo inateseka zaidi. Yenyewe kwa kawaida haikuwa ikituma witiri na shufwa, ilirudia mistari ileile kila mara, na TV nyingi za sasa zinaidhania ni nusu picha, zinaanza kushona kisichochanika.

Halafu kuna ule waya wa njano. Rangi na mwanga vyote vinapita humo humo, vinafika vimeshalowana. Kwenye chogo la inchi 14 hilo lilikuwa msaada. Kulikuwa na ujanja wa kupanga nukta za rangi mbili zikipishana kama mkeka, waya na kioo vikazichanganya, wewe ukaona rangi moja laini. TV bapa inakuonyesha mkeka wenyewe, ukindu kwa ukindu. Ni sawa na kumkagua bibi harusi kwa ile miwani ya fundi saa.

Sura ningevumilia, mtani. Kilichoniuma ni vidole. Nabonyeza kupiga, mguu unaondoka baadaye. Natoa pasi, mpira unafikiri kwanza. TV ikishapokea picha inaishona, inaivuta, inainyoosha pasi, inaipaka mafuta, ndipo inaitoa nje. Kazi hiyo ikichukua sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, kwa mwendo wa 50 ni picha tano zimeshapita. Nilifungwa saba na mtoto wa darasa la tano. Yeye hana cha kulinganisha, alijifunza kubonyeza mapema bila hata kujua. Mimi vidole vyangu vimekariri chogo.

Basi nikaanza matibabu. La kwanza halina gharama. Kwenye menyu ya TV kuna hali ya gemu, imejificha mle kwenye mipangilio ya picha, na ukiiwasha TV inaacha mapambo mengi na picha inatoka haraka zaidi. Nikapunguza na ule ukali wa picha, maana ulikuwa unaongeza uchafu. Nikarudisha umbo la picha kuwa 4:3 ili Adriano apate urefu wake. Watoto wakalalamika kwamba pembeni kumebaki mikanda miwili myeusi na nimeipunguza TV yao.

La pili nililiwa. Duka moja mjini likaniuzia kisanduku cha kugeuza AV, yaani ule waya wa njano na wenzake, kuwa HDMI, elfu ishirini na tano, nikaambiwa picha itakuwa "HD kabisa bosi". Kisanduku kinafanya kazi ileile ya kushona na kuvuta iliyokuwa ikifanywa na TV, ila kinaifanya vibaya zaidi, halafu kinaongeza ucheleweshaji wake juu. Picha mbovu ileile, imebadilisha tundu la kuingilia. Ukiuziwa hicho kitu huko Iringa, kimbia.

La tatu ndilo lililonipa moyo. Jumamosi nilikwenda mnadani Msalato, nimefuata nyama, si kingine, nikaona kwenye turubai la mitumba ya umeme waya wa PS2 wenye vichwa vitano: kijani, buluu na nyekundu vya picha, nyeupe na nyekundu vya sauti. Huo hauchanganyi rangi na mwanga, kila kimoja kina njia yake. Nikaununua hata kabla ya kuagiza mbuzi. Nyumbani nikachomeka, rangi zikatoka za ajabu, uwanja mzima kama umemwagiwa maji ya rangi za ubuyu. Nikamtukana muuzaji kimoyomoyo siku nzima, maskini ya Mungu. Kumbe kwenye mipangilio ya PS2 yenyewe kuna sehemu ya kuchagua aina ya picha, na yetu ilikuwa imewekwa RGB. Inabidi urudishe kwanza waya wa njano ili uone unachofanya, ubadilishe kuwa ile nyingine inayoanza na Y, ndipo uchomeke vichwa vitano. Baada ya hapo nyasi zilitulia, namba za jezi zikasomeka, Adriano akapata shingo. Meno ya kitana yalipungua, hayakuisha. Na kuchelewa kukabaki kulekule, kwa sababu anayechelewesha ni TV na waya hauna la kumfanya.

Kuna kitu kingine hakitibiki kabisa. Unaikumbuka ile gemu ya kaseti ya mjomba, ya bunduki na bata? Binti yangu aliniuliza ile bunduki ilikuwa inajuaje umelenga. Nikagundua miaka yote hiyo sikujua, nilidhani inarusha kitu. Kumbe haikurusha chochote, ilikuwa inatazama. Ukibonyeza, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panakuwa peupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linaangalia kama limeuona mwanga ule wakati uleule uliotarajiwa. Chogo linatoa mwanga papo hapo. TV bapa inautoa ikishamaliza kushona na kupaka mafuta, bata ameshafika Singida. Hata yule mjomba aliyekuwa anabandika mtutu kwenye kioo asingepata kitu.

Mpwa wangu anayesoma UDOM ananicheka. Ameniletea kompyuta yake, ana programu inayoiga PS2 nzima, inachora gemu upya kwa ukubwa wa TV, kila kitu kinakata kama wembe. Inapendeza kweli. Nikacheza mechi mbili nikamrudishia. Kwa ukali ule unaona mashabiki wa jukwaani ni karatasi zilizokunjwa, na refa hana vidole. Vitu hivyo vilifichwa kwa adabu na chogo, sikuona sababu ya kuvifunua uzeeni.

Sasa sikiliza, na usije ukatangaza kijijini kwenu kwamba Mgogo ameanza kuomba. Naomba. Ile TV ya chogo ya mama yako pale Kihesa, niliiona kwenye harusi ya mdogo wako Desemba, imesukumwa ukumbini juu ya kabati, imevalishwa kitambaa cha kufuma na juu yake mtungi wa maua ya plastiki. Watu wengi walizitupa za kwao walipoleta ving'amuzi, wakidhani ndiyo mwisho wake. Dar walizima analojia 31 Desemba 2012, sisi Dodoma tukafuata mapema 2013, na Januari ya mwaka huohuo ndiyo Sony, wenye PS2 yao, wakathibitisha kwamba PS2 hawaitengenezi tena. Kama vile waliagana. Na chogo lilikuwa zima tu, linapokea king'amuzi kwa waya wa njano bila kinyongo! Tulilitoa kwa sababu bapa zilishuka bei na wageni walianza kututazama vibaya.

La kwenu nalikumbuka vizuri, ni la rangi za mifumo yote miwili. Hilo ni muhimu. Pale bandani unakumbuka tulipoweka ile CD ya Kimarekani, picha ikaja nyeusi na nyeupe, ukasema fundi ametuibia rangi? TV ilijua PAL peke yake, na CD ilikuwa ya mfumo mwingine, ule wa mistari 525 na mwendo wa 60. Tulimdai yule fundi hela zake bure.

Mwambie mama yako kwa heshima zote, shikamoo yake naituma hapa. Akikubali, mfuate yule kondakta wa basi la Dodoma unayemfahamu. TV yenyewe usiisafirishe imesimama. Uzito wote uko mbele kwenye kioo, kwa hiyo ilaze kifudifudi juu ya godoro la mtoto au mablanketi mawili, chogo litazame juu, na pasiwekwe kitu juu ya hiyo shingo nyembamba ya nyuma, ndiyo inayovunjika. Na usimruhusu fundi yeyote afungue mfuniko "kuipuliza vumbi". Ndani mle umeme unafika volti elfu ishirini na zaidi, na unaweza kukaa humo hata baada ya kuchomoa. Isiwekwe karibu na spika kubwa pia, smaku inatia madoa ya zambarau pembeni, kama kwenye ile ya mwalimu wetu wa nidhamu.

Ikifika nitaiweka chumba cha watoto. Nataka wasikie ule mngurumo wa "duuum" ikiwashwa, na vinyweleo vya mkono visimame ukipitisha kiganja kwenye kioo. Halafu nataka marudiano na huyu wa darasa la tano. Nawe uje Agosti, zabibu zitakuwa zinavunwa. Pedi ya pili ipo, ila kitufe cha duara kinanata.

Elfu tano yako nitakupa chogo likifika. Likifika zima.

Mtani wako,
Mgogo wa Chang'ombe