Nadharia za tiba kwa vitendo si za kukariri

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie kuhusu namna wanafunzi wa tiba kwa vitendo, fani ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, wanavyofundishwa nadharia zao. Wengi hukariri majina ya waanzilishi wa modeli, yaani mifumo ya kumtazama mgonjwa, pamoja na miaka: Kielhofner 1980, Law na wenzake 1996, Iwama 2006. Mtihani ukipita, daftari linafungwa. Wakifika wodini wanatibu kiungo, na mwenye kiungo anasahauliwa.

Chukua mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono wake mmoja umepooza kiasi. Mwenye mtazamo wa kibiomekanika, unaoangalia misuli na viungo, atapima bega kwa goniomita (kifaa cha kupimia pembe za viungo), atapima nguvu ya kushika, ataandika kwamba kuna maendeleo. Vipimo hivyo vinahitajika, sina ugomvi navyo. Ila mgonjwa huyo huyo nyumbani bado anavalishwa shati. Modeli ya Kielhofner inakulazimisha kuuliza kile ambacho goniomita haikioni: anaona umuhimu wa kuvaa mwenyewe? Anaamini ataweza? Asubuhi zake zilikwendaje kabla hajaugua? Bado anajihesabu mkuu wa kaya, au ameshajikubali kuwa mgonjwa wa kudumu? Modeli ya Law, inayomtazama mtu pamoja na mazingira na shughuli yake, itakuonyesha mengine kabisa: kitanda kimebonyea hata hawezi kukaa wima, vifungo ni vidogo, na binti yake anamvalisha harakaharaka kwa kuwa anachelewa kazini.

Hatua zenyewe za kuvaa zinajulikana. Akae kwenye kiti kigumu, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Mkono uliopooza utangulie, na shati livutwe mpaka lipite kiwiko na kufika begani; ndipo lizungushwe nyuma ya shingo na mkono mzima uingie. Akitanguliza mkono mzima, shati linabana mgongoni na ule dhaifu haufiki kwenye tundu lake. Kuvua ni kinyume: mzima ndio utoke kwanza. Kosa linalojirudia ni kuliacha shati chini ya kiwiko. Linakwama, mgonjwa anakata tamaa, anayemuuguza anamalizia kazi. Yakijirudia hayo siku kadhaa, tatizo lililoanzia kwenye misuli linahamia kwenye utashi, na hapo mazoezi ya bega peke yake hayamsaidii tena.

Vivyo hivyo kwa COPM, kipimo cha utendaji wa shughuli za kila siku kilichotoka Kanada mwaka 1991. Mgonjwa anataja shughuli zinazomshinda, anazipa uzito kuanzia 1 hadi 10, anachagua zisizozidi tano, kisha anajipa alama za utendaji na za kuridhika. Baada ya tiba anajipima upya, na ongezeko la alama 2 ndilo huchukuliwa kuwa badiliko la maana. Kinachoharibu ni swali la kwanza. Ukimuuliza “una tatizo gani?” atakujibu “mkono”. Mwambie akusimulie siku ya jana, tangu alipoamka hadi alipolala, na shughuli zitajitokeza zenyewe. Baya zaidi ni mwanafunzi kumjazia mgonjwa alama. Hicho si kipimo tena.

Wapo wanaodai nadharia hizi hazihusiani na afya, kwamba kazi yetu ni kuwapa watu kitu cha kupitishia muda. Utafiti wa Florence Clark na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1997, unawajibu. Wazee 361 waligawanywa makundi matatu: la kwanza lilipata tiba kwa vitendo kwa miezi 9, la pili lilipewa shughuli za kijamii, la tatu halikupewa kitu. Kundi la kwanza ndilo lililonufaika kiafya. La pili halikulizidi la tatu. Kushughulishwa tu hakukutosha. Ilibidi mzee achambue siku yake na kuchagua shughuli zenye maana kwake. Mtaalamu wa fani hii, Ann Wilcock, naye ameeleza upande wa pili: mtu akinyimwa shughuli, au akizidiwa na moja tu, afya yake hudhoofika hata kama hana jeraha.

Modeli ya Kawa ya Iwama, inayofananisha maisha na mto, ndiyo inayoonewa kuliko zote. Wanafunzi huchora mto mzuri wenye mawe (matatizo ya mtu) na magogo (sifa na uwezo wake), wakaubandika kwenye faili, basi. Mchoro ni wa mgonjwa, auchore yeye, na tiba ianzie pale anapoonyesha maji yana upenyo.

Pendekezo langu ni hili. Mtihani uache kuuliza “taja na eleza”. Mwanafunzi apewe maelezo ya mgonjwa mmoja, aandike mpango wa wiki ya kwanza kwa kufuata modeli mbili tofauti, kisha aseme kila modeli imeacha nini nje. Shirikisho la dunia la fani hii linataka saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kwa vitendo. Msimamizi atumie sehemu ya saa hizo kumuuliza mwanafunzi, mbele ya faili la mgonjwa halisi: umechagua shughuli hii kwa nadharia ipi, na ukiona nini utaibadilisha?

Mkufunzi wa tiba kwa vitendo