Wacheki watusimulie na walikoteleza

Ndugu Mhariri,

Tangu katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Mambo ya Nje ya Jamhuri ya Cheki ina mpango wa kuzisaidia nchi nyingine kutoka kwenye utawala wa kiimla, kwa kutumia yale waliyopitia wao baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka kwao 1989. Georgia, Moldova na Ukraine zimo. Nauunga mkono, ila nina neno.

Katika wimbi la kwanza la ubinafsishaji, 1992, raia wa kawaida alilipa koruna 1,035 kwa kijitabu cha kuponi za kubadilisha kwa hisa na stempu yake, akaota kuwa mwenye hisa kiwandani. Wengi walikabidhi kuponi kwa mifuko ya uwekezaji, mmoja ukijigamba kurudisha mara kumi. (Mara kumi! Hata upatu hauthubutu.) Baadhi ya mifuko ikafyonzwa na wasimamizi wake, hadi Kicheki kikapata neno jipya: kuchimba handaki, yaani mali inapita chini huku jengo limesimama.

Mtaalamu wao akija kwetu, aanzie hapo handakini. Sisi tuliouza mashirika ya umma miaka hiyohiyo ya tisini tutamwelewa upesi kuliko akitufungulia picha za umati wa 1989 mjini Prague.

Msomaji,
Morogoro