Mwaka wa masomo ya nyumbani nao ufunguliwe kwa shangwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na familia zinazosomesha watoto nyumbani, pamoja na ndugu na majirani zao. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu. Sasa binti yangu na mumewe wanawafundisha wajukuu zangu watatu nyumbani, nami nimepewa sehemu yangu katika kazi hiyo. Juzijuzi tumefungua mwaka mpya wa masomo, na tumeufungua kwa sherehe. Naamini kila familia ya aina yetu inafaa ifanye hivyo, iwe na uwezo mkubwa au mdogo.

Shuleni mwaka hujifungua wenyewe. Kengele inalia, mtoto anavaa sare, anaingia chumba kingine na kumkuta mwalimu mwingine. Hata yule asiyependa shule anajua kwamba leo si kama jana. Nyumbani hakuna la kumwambia hivyo. Meza ni ile ile, mwalimu ni mama yule yule, na mlango anaoingilia darasani ndio aliotokea kitandani. Familia isipoweka mpaka kwa makusudi, likizo inajipenyeza katika masomo, masomo yanajipenyeza katika shughuli za nyumba, na mtoto anabaki hajui amefika wapi. Nimewaona watoto wakiulizwa wako darasa la ngapi, nao wakamgeukia mama yao awajibie. Mtoto anayesoma nyumbani ana haki ya kusema mwenyewe, bila kigugumizi, kwamba amemaliza hatua moja na ameingia nyingine.

Walimu tumelijua hili siku zote, lakini watafiti nao wamelichunguza. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walichapisha utafiti huko Marekani ulioonyesha kwamba watu hujitahidi zaidi kufikia malengo yao baada ya tarehe zenye sura ya mwanzo, kama vile wiki mpya, mwezi mpya, muhula mpya au siku ya kuzaliwa. Miongoni mwa mambo waliyoyaangalia ni mahudhurio ya wanachuo katika ukumbi wa mazoezi, nayo yaliongezeka muhula ulipoanza. Serikali pia zimelitambua. Mwaka 1984 Muungano wa Kisovieti uliitangaza rasmi tarehe 1 Septemba kuwa Siku ya Maarifa, na hadi leo Urusi inaiadhimisha. Kama taifa zima linaona inafaa kusimama kidogo mlangoni mwa mwaka wa masomo, sioni kwa nini nyumba yenye wanafunzi watatu ipite kimyakimya.

Kwetu tunaanza na mahudhurio. Kazi hiyo ni yangu, na sijaiachia mtu. Ninasimama na daftari kama nilivyokuwa nikisimama darasani, ninaita majina kamili, na kila mtoto anaitika "Nipo!" Kisha ninaendelea: namwita baba yao, mama yao, babu yao, mjomba wao. Wote wanaitika. Watoto hufurahi sana kumsikia babu akiitika, na naona wanalielewa jambo ambalo ningelieleza kwa maneno mengi nisifaulu, kwamba katika nyumba hii hakuna aliyemaliza kusoma.

Baada ya hapo yanatolewa madaftari ya mwaka uliopita. Hii ndiyo sehemu ninayowasihi wazazi wasiiruke. Kitinda mimba wetu alifungua ukurasa wake wa kwanza, mahali alipoandika jina lake kwa herufi kubwa zilizolala kila upande, moja ikiwa imegeuka nyuma. Akafungua ukurasa wa mwisho, wenye sentensi nzima zilizokaa juu ya mstari. Alirudi mwanzo, akaenda mwisho, akarudi tena mwanzo. Hakuna aliyemwambia lolote. Baadaye akalichukua daftari akampelekea baba yake, akamwekea kidole kwenye ile herufi iliyogeuka. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote ya kazi, na sijui alama niliyowahi kumwandikia mtoto ikamfundisha kiasi kile kuhusu maendeleo yake.

Halafu kila mtoto anatufundisha sisi somo moja alilolipenda. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye mawazo yake bado yanafuatwa na wengi wanaosomesha nyumbani, alisisitiza kwamba mtoto akishasomewa kitu akisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Ndipo kinapokuwa chake. Mjukuu wa kati alitusimulia habari za buibui aliyemchunguza dirishani, anavyokula utando wake uliochakaa kabla ya kusuka mwingine, na kwa nini mwenye miguu minane hahesabiwi pamoja na wadudu wenye sita. Alikuwa na michoro yenye tarehe. Aliulizwa maswali ya kweli na akajibu, na lile asilolijua akaliandika pembeni ili alitafute.

Kifungua mimba alitutoa nje. Alisimamisha fimbo ya urefu wa mita 1 wima kabisa, akatuambia tupime kivuli chake. Kilikuwa sentimita 80. Akatuambia tupime kivuli cha mti, tukapata mita 6 na sentimita 40. "Kivuli cha mti kimeingia mara nane katika kivuli cha fimbo?" nikamuuliza. Akanirekebisha kwa adabu: "Hapana, Bibi, cha fimbo ndicho kinaingia mara nane katika cha mti. Kwa hiyo mti una mita 8." Babu yao akataka kujua kama jibu litabadilika jua likipanda, maana vivuli vitafupika. Mtoto akasema halitabadilika, kwa sababu vyote viwili vitafupika kwa kiwango kimoja. Tukakubaliana turudi mchana tumpime kwa maneno yake. Mchana kivuli cha fimbo kilipimika vizuri, lakini cha ncha ya mti kilikuwa kimepotelea ndani ya kivuli cha matawi, tusijue kinaishia wapi. Akakaa chini akafikiri, kisha akasema hesabu haina kosa, ila asubuhi ndio wakati mzuri wa kupima. Hapo tulikuwa tumetoka kusherehekea, tumo katika somo, na hakuna aliyeuona mpaka.

Ninajua baadhi ya wazazi wataona hayo ni mengi, hasa wenye mtoto mchanga au wanaolea peke yao. Yapunguzwe. Mahudhurio na daftari moja la zamani vinatosha. Ambacho sikubaliani nacho ni sherehe inayogeuzwa kuwa siku ya kununua: begi, kalamu za rangi, vitabu ambavyo havitafunguliwa, halafu picha za kuwaonyesha watu meza ilivyopangwa. Mtoto hupokea vitu akavifurahia, na hiyo ni haki yake. Lakini siku ikiwa ya vitu, kazi yake ya mwaka mzima haina aliyeitazama.

Nisisitize pia kwamba siku hiyo si ya majaribio. Mzazi mwenye wasiwasi hupenda kuanza mwaka kwa kumpima mtoto aone likizo imekula kiasi gani. Imekula, hilo lisimshtue. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tulichojifunza tusipokirudia tunakisahau, na kwamba sehemu kubwa hupotea mapema. Lakini alionyesha pia kwamba kujifunza upya kitu ulichokisahau huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Basi wiki za mwanzo ziwe za marudio mepesi. Vipindi viwe vifupi. Charlotte Mason hakutaka somo la watoto wadogo lizidi dakika 20, na kwa nilivyowaona watoto darasani, alikuwa sahihi kabisa.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu hasa. Katika shule nilizofundisha kulikuwa na ofisi ya walimu. Mtoto akinishinda, nilikwenda kumuuliza mwenzangu. Nikiumwa, mwingine alinishikia kipindi. Somo nisilolimudu lilikuwa na mwenyewe. Mama anayefundisha nyumbani hana ofisi hiyo. Nimemwona binti yangu jioni, watoto wamelala, akiwa amefungua kitabu cha sayansi anajisomea somo la kesho huku amechoka hata sauti haitoki. Ni mwalimu mzuri, mwenye subira kuliko nilivyokuwa mimi, na hana mtu wa kumwambia hivyo. Mgeni akifika anauliza tu, "Na hawa shule wataenda lini?"

Ndiyo maana katika sherehe yetu kuna kipande cha kugawana kazi. Tukiwa tumekaa wote, binti yangu anasoma ratiba ya mwaka kwa sauti, anataja na masomo yanayomlemea. Kila ndugu aliyehudhuria anaulizwa atabeba nini. Mimi nimebeba kusoma na kuandika kwa mdogo. Mjomba wao, ambaye kazi yake ni ya safari, amechukua ramani. Babu amechukua ufundi wa mbao, na vipimo vya sentimita na milimita vimo humohumo. Shangazi anayeishi mbali atasikiliza mmoja wao akimsomea kwa simu kila wiki. Yanaandikwa, yanabandikwa ukutani pamoja na siku na saa. Ahadi ya "nitawasaidia" isiyo na siku haijawahi kumpumzisha mama yeyote. Yule binti tuliyemzoea na uchovu wa jioni aliondoka mezani siku hiyo na karatasi yenye majina ya watu sita mkononi, akicheka.

Ukutani hapo hapo kuna karatasi nyingine, ya maswali. Kila mmoja wetu, mkubwa kwa mdogo, anaandika jambo moja analotaka kulijua kabla mwaka haujaisha. Mkwe wangu anajifunza lugha ya alama. Babu anataka kuandika kwa kompyuta bila kutazama vidole. Mimi nimeandika kwamba nataka kuzitambua nyota kwa majina, maana miaka yote nimewafundisha watoto kwamba zipo, nisiwaonyeshe hata moja. Watoto huyachukulia maswali haya kwa uzito kuliko ratiba yenyewe, na hutufuatilia. Usipogusa swali lako watakuuliza mbele ya wageni.

Kuna na mambo ya karatasi, ambayo nitayapitia haraka. Sheria za nchi hazifanani. Ujerumani, kwa jumla, humtaka mtoto ahudhurie shule. England na Wales, chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, mzazi anaweza kumpatia mtoto elimu shuleni au kwa njia nyingine. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, lakini kifungu hicho hicho kinasema elimu ya msingi ni ya lazima. Haki na wajibu vimeandikwa pamoja. Kwa hiyo siku ya kufungua mwaka ndiyo siku nzuri ya kufungua jalada jipya: mpango wa masomo, kazi chache za mwaka uliopita zenye tarehe, na barua zozote mlizoandikiana na mamlaka za elimu. Binti yangu analifanya hilo mbele ya watoto, nao wanaona kwamba masomo yao yana kumbukumbu.

Kwa ndugu na majirani nina maneno mawili. Mkialikwa, nendeni, na mkifika muulizeni mtoto anajifunza nini, kisha msikilize hadi amalize. Mnaweza kuwa na mashaka kuhusu elimu ya nyumbani. Hata mimi binti yangu aliponieleza nia yake nilimuuliza maswali magumu, na alinijibu moja baada ya jingine. Maswali hayo yaulizeni kwa wazazi, siku nyingine, watoto wasiwepo. Siku ya kufungua mwaka ni yao.

Na kwako, Mhariri, nina ombi. Shule zinapofunguliwa magazeti huzipa kurasa, na inapendeza. Tunaomba kona ndogo katika gazeti lako, wakati huo huo wa mwaka, ambamo watoto wanaosoma nyumbani wataandika maswali yao ya mwaka, na msomaji yeyote anayejua, awe fundi, daktari, mkulima au mwanafunzi wa shule, awajibu. Wajukuu zangu wamekwisha kuyanakili yao kwa mwandiko safi. La buibui ndilo la kwanza kwenye orodha, na mwenyewe ananiuliza kila asubuhi kama nimeshalituma.

Wako,
Bibi na mwalimu mstaafu